Kwa mwanangu Kampala: dawa umeacha, mbona mwili bado?

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Arua tu wazima. Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unasema umeacha diazepam, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, miezi 3 sasa na wasiwasi wenyewe umepungua, lakini masikio yanavuma, nyayo zinachomachoma kama sindano, na nyama za miguu zinachezacheza ukilala. Unauliza kama dawa imekuharibu, au urudi kuimeza upumzike.

Nianze na la pili. Usiimeze tena kwa uamuzi wako, wala kwa ushauri wa yule mwenye duka aliyekuuzia mwaka mzima bila kukudai karatasi ya daktari. Hilo linaniuma hadi leo. Dawa hizi hazikukusudiwa kumezwa mwaka mzima bila daktari kukuangalia.

Sasa hilo la kuharibiwa. Ubongo una kemikali iitwayo GABA, kazi yake ni kutuliza neva. Diazepam huiongezea nguvu. Ukiimeza kwa muda mrefu, ubongo huzoea msaada huo na wenyewe hupunguza bidii. Ni kama mtoto aliyezoea kubebwa mgongoni: ukimshusha, miguu anayo, ila inalegea. Wewe ulishuka ghafla, vidonge vilipoisha. Neva zisizo na mtulizaji wa kutosha husisimka ovyo, ndiyo maana sauti ya kawaida inakukera na misuli inaruka yenyewe.

Shangazi yako anasema sumu imebaki kwenye mifupa, unywe mitishamba uisafishe. Namheshimu, lakini hapana. Hata mabaki ya diazepam yanayokaa mwilini kuliko yote hupungua kwa nusu kila baada ya saa 100 hivi au chini ya hapo, kwa wengine hadi saa 200. Kwa miezi 3 yamekwisha. Kinachobaki ni neva kujirekebisha, na hiyo ni kazi ya polepole. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kule Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alieleza dalili hizihizi zako: masikio kuvuma, ganzi, misuli kuchezacheza. Kwa baadhi ya watu huchukua miezi mingi, wachache zaidi ya mwaka. Huja kwa mawimbi. Utapata wiki nzuri, kisha siku mbaya bila sababu. Siku hiyo mbaya isikuambie kwamba umerudi mwanzo.

Hata hivyo, mwanangu, usibebeshe kila kitu jina la dawa. Nimefanya uuguzi, najua ganzi ya miguu huletwa pia na sukari au upungufu wa vitamini B12, na moyo kwenda mbio huletwa na upungufu wa damu au tezi ya shingo. Nenda upimwe hivyo vyote, na malaria ukisikia homa. Mwambie daktari waziwazi ulitumia nini na uliachaje. Akitaka kukuandikia ciprofloxacin, dawa ya kuua bakteria, kwa tumbo au mkojo, mkumbushe historia yako, kwa kuwa dawa za kundi hilo huweza kuzichochea neva zilizo katika hali hii. Usiinunue dukani kienyeji.

Pombe ya waragi usiguse kabisa. Inagusa palepale ilipogusa diazepam, itakutuliza usiku na kukutesa alfajiri. Kahawa punguza.

Ukipata degedege, ukaanza kuona visivyokuwepo, kifua kikabana, upande mmoja wa mwili ukalegea, au ukawaza kujidhuru, usingoje kunipigia. Mwamshe unayekaa naye mwende hospitali saa hiyohiyo. Hata Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapo Kampala, si mahali pa aibu.

Na huyo mwenzako anayemeza bado vidonge hivi, ambaye kwa kukuona wewe anataka kuvitupa vyake leo, mzuie. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege la kuua. Miongozo ya sasa inashauri daktari ampunguzie kidogokidogo, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kusimama kidogo mwili ukikataa.

Nauli ya basi ninayo. Ukitaka nije nikae nawe usiku ukiwa mgumu, sema tu. Ukishapata tarehe ya daktari niandikie, na majibu ya damu yapige picha unitumie.

Mama yako