Re: Nani afuatilie mbinu mpya za uhalifu wilayani, OC-CID au kijana wa kompyuta?

Mkuu, kwa maoni yangu si huyo wala yule. OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, ana majalada mpaka shingoni, na kijana wa kompyuta atakuletea makala za drone wakati wananchi wako wanalizwa na meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii".

Mimi ningempa askari anayesoma kitabu cha taarifa kaunta kila asubuhi. Mbinu mpya huanzia pale. Wiki hii mama mmoja amechukua RB (namba ya taarifa yake polisi) ya kutapeliwa kwa simu, kesho wawili, keshokutwa wakala wa miamala naye yumo. Kila jalada linakwenda kwa mpelelezi wake, na hakuna anayeona kuwa maneno ya tapeli ni yale yale, herufi kwa herufi. Huyo askari ndiye wa kuyaunganisha.

Ila asikae kaunta tu. Awe na namba za mawakala wa stendi na sokoni, na azoeane na polisi kata wote. Namba za matapeli watu wanazituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, sawa, lakini huko zinafungiwa; wilayani kwako bado unahitaji mtu anayejua nani kalizwa na wapi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, hivyo kisingizio cha kukosa kifungu hakuna.

Cheo? Koplo anatosha, mradi ripoti yake ifike kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, moja kwa moja. Ikipitia meza tatu, imeshachacha.