Nani aliwasha pampu?

Mzee alinipigia simu saa moja asubuhi. Simtanki yake ya lita 5,000 ilikuwa imefurika usiku kucha, maji yamevuka mpaka kwa jirani, na jirani alikuwa tayari getini. Nikafungua tovuti niliyomtengenezea ya kuwasha na kuzima vifaa vya nyumba kwa simu, nikatazama, nikamjibu bila wasiwasi: "Mzee, pampu umeiwasha mwenyewe, saa nane na dakika kumi na mbili usiku." Akanyamaza kidogo. "Kijana wangu, mimi niko Dodoma tangu Jumatatu."

Kanzidata, yaani ghala la taarifa za tovuti ile, haikuharibika. Ilisema kile nilichoifundisha kusema. Kwenye jedwali la vifaa nilikuwa nimeweka safu moja ya mtumiaji: kila kifaa na mtu wake. Wiki ya kwanza ilitosha. Kisha mama mwenye nyumba akataka taa za nje kwenye simu yake, mpangaji wa ghorofani akataka geti, dada wa kazi akataka pampu. Sikuwa na pa kuwaweka, nikawapa wote nenosiri la mzee. Kwa hiyo mbele ya kanzidata, nyumba nzima ilikuwa mzee mmoja asiyelala.

Wewe unayeanza kazi hii ya kupanga kanzidata za nyumba, kubali mapema kwamba kifaa ni cha nyumba, si cha mtu. Mpangaji akihama, swichi hahami nayo. Tengeneza jedwali la watu, la nyumba, la vifaa (kila kifaa na nyumba yake), halafu lile ambalo wanagenzi wengi hulisahau: linalosema nani yuko nyumba gani, kwa nafasi gani, tangu lini, hadi lini. Mimi naliita ukazi, ingawa mlinzi naye yumo na haishi pale. Mstari wake unasomeka hivi: mtu 8, nyumba 3, mpangaji, tangu tarehe 1 Februari, hadi pawe wazi. Siku anayohama hufuti mstari, unajaza hadi. Ukifuta, umefuta pia uwezo wa kueleza aliyoyafanya alipokuwepo. Na kama unatumia PostgreSQL, programu ya kuendesha kanzidata, weka faharasa ya kipekee (orodha ya utafutaji inayokataa marudio) juu ya mtu na nyumba kwa mistari ile tu ambayo hadi yake iko wazi. Mtu hataingizwa mara mbili katika nyumba moja, lakini akirudi baada ya mwaka atapokelewa.

Tarehe hizo zina kazi nyingine. Kihisi cha mwendo cha sebuleni kinajua unatoka saa ngapi na unarudi saa ngapi. Mpangaji mpya asione kumbukumbu za aliyemtangulia, kwa hiyo kila anayeomba historia mpe ya kuanzia siku yake ya tangu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya ina yake tangu 2019, ila hata bila sheria, hebu fikiria ni nani ungependa ajue saa unazokuwa haupo nyumbani.

Kosa la pili ni la kudhani kwamba aliyeingia kwa nenosiri sahihi ameshathibitishwa kwa kila kitu. Anwani ya ukurasa wa taa yako inaishia kifaa/17. Mtoto wa darasa la saba anabadilisha 17 kuwa 18, taa ya jirani inazimika. Nimeliona hili kwenye kazi za watu wenye vyeti vizuri kabisa. Dawa yake: kila swali kwa kanzidata lipitie ukazi, yaani usiulize "nipe kifaa 18", uliza "nipe kifaa 18 kama kiko katika nyumba ambayo mtu huyu anaruhusiwa leo". PostgreSQL tangu toleo 9.5 inaweza kulinda mistari yenyewe kwa kanuni unazoandika kwenye jedwali. Tumia, lakini ujue mtego: mwenye jedwali hazimgusi kanuni hizo mpaka uzilazimishe, na akaunti kuu haziigusi kamwe. Tovuti yako ikiunganishwa kwa akaunti iliyounda majedwali, umefunga mlango na ufunguo umeuacha kitasani.

Turudi kwenye pampu. Kifaa kilikuwa ESP8266, kidude kidogo chenye Wi-Fi, yenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), kinachozungumza na seva kupitia Mosquitto, programu ya kupokea na kusambaza ujumbe wa vifaa. Ujumbe wa "washa" niliutuma kwa namna ya kuhifadhiwa, ili kifaa kikipotea mtandaoni kiupate kikirejea. Sasa tuseme mtu aliiwasha pampu kwa simu jioni, mwingine akaizima kwa swichi ya ukutani. Seva bado imeshika "washa". Usiku umeme ukakatika, ukarudi saa nane na dakika kumi na mbili, kifaa kikaamka, kikaupokea ujumbe wa zamani, kikatii. Inawezekana ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana pia ni yule mpangaji wa kabla, aliyehama na nenosiri simuni mwake. Hadi leo sijui, kwa sababu nilikuwa na safu moja tu ya hali, na kila badiliko lilifuta lililotangulia.

Siku hizi naweka jedwali la amri. Kila ombi mstari wake: nani, kifaa gani, anataka nini, lini, na mwisho wa uhai wa amri, kwa pampu sekunde 30. Muda ukipita, amri imekufa, umeme urudi usirudi. Kwenye kifaa naweka mambo mawili tofauti, hali iliyoombwa na hali iliyoripotiwa, na skrini huonyesha iliyoripotiwa. Na amri isiwe "geuza". Baba na mama wakibonyeza kwa pamoja, geuza mbili zinarudisha giza na kila mmoja anamlaumu mwenzake. Andika "washa" au "zima".

Vipimo navyo viwe na jedwali lao. Kihisi kinachotuma kila sekunde 10 kinakuletea mistari 8,640 kwa siku. Vihisi 20 ni 172,800, na mwaka ukiisha unazidi milioni 63. Hiyo ni nyumba moja. Namba ya mstari iwe ya aina kubwa, maana ile ya kawaida, inayobeba namba chanya na hasi, inagota kwenye 2,147,483,647. Faharasa iwe ya kifaa na wakati, gawa jedwali kwa miezi, na vipimo vya zamani vijumlishe kwa saa. Hakuna atakayekuuliza joto la jikoni la Machi iliyopita kwa sekunde.

Wakati ndio uliniaibisha zaidi. Mama aliniambia taa za nje ziwake saa kumi na mbili. Nikaandika 12:00. Taa zikawaka adhuhuri, jua la Dar es Salaam limesimama utosini. Tangu hapo skrini zangu zinauliza "saa kumi na mbili, asubuhi au jioni?" Tukio lililokwisha kutokea lihifadhi kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, sisi tukiwa mbele yake kwa saa tatu. Ratiba ni kitu kingine: hifadhi saa ya ukutani pamoja na jina la eneo, Africa/Dar_es_Salaam, kwani siku utakapopata mteja mwenye nyumba London, saa zao zinasogezwa mara mbili kwa mwaka, na taa ya jioni lazima ibaki ya jioni.

Mzee nilimhamishia mpangilio mpya mwezi uliofuata, kila mtu na akaunti yake. Haukupita muda simtanki ikafurika tena. Safari hii nilikuwa na mstari wa kumsomea: washa pampu, saa kumi na moja na robo jioni, na jina la aliyebonyeza. Lilikuwa lake. Alikuwa Dodoma tena, alitaka kuhakikisha tu kama inafanya kazi, akasahau kuizima.

Akanyamaza kama mara ile ya kwanza. Kisha akauliza kama mama anaweza kuiona hiyo rekodi. Nikamwambia ndiyo, nafasi yake kwenye jedwali ni mmiliki.