Mifupa ya kuku wa jana usiitupe

Juzi msomaji wangu wa Mbagala ameniandikia: "Dada, Jumapili tunachinja kuku, Jumatatu limebaki paja, kidari kidogo na mgongo, na nyumbani tuko saba. Nafanyaje?" Swali hilo nimeishi nalo tangu nilipoolewa.

Wakati ule tulipanga chumba na sebule Manzese, na kuku tulimnunua Shekilango mshahara ukitoka. Siku moja mawifi walinikuta nanyofoa nyama ya kuku wa jana. Mmoja akasema, nami nasikia, "Kaka yetu analishwa viporo." Maneno yale bado yananiuma. Jioni wakala wote, na aliyesema ndiye aliyeomba aongezewe mchuzi. Nikamwongezea, sikumjibu kitu.

Siri ni mifupa. Wengi huirudisha nyama iliyobaki kwenye mchuzi tangu mwanzo, nayo inakauka na kuwa nyuzi tupu. Nyama ile imeshaiva jamani! Inyofoe yote, iweke pembeni. Mgongo, ngozi na mifupa (siyo iliyokwisha kutafunwa) tia sufuriani na maji, kitunguu, tangawizi ya kutwanga na chumvi, uache vitokote kwa moto mdogo kama saa 1. Chuja. Supu hiyo ndiyo itakayowalisha watu saba, nyama ni nyongeza tu.

Kaanga kitunguu na nyanya mpaka mafuta yajitenge, weka bizari na viazi mviringo vya kutosha, mimina supu. Viazi vikiiva, tia tui zito la nazi moja huku unakoroga lisikatike, kisha ndipo nyama iingie. Vichemke sawasawa, uvuguvugu hautoshi. Ukiepua, kamulia ndimu. Kula na ugali au wali mweupe. Wali wa nazi mimi naona unazidisha.

Dada zangu, msione haya. Kuku mmoja akilisha nyumba siku mbili, ada ya mtoto inapumua, na mwenye kukusimanga hatakuja kukulipia.

Ila kuna jambo silegezi kamba: joto la Dar. Kuku aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa 2, na siku joto likipita nyuzi 32 ni saa 1 tu. Tenga cha kesho mapema, kabla watu hawajanogewa na soga, kiingie kwenye friji na kisipitishe siku 3 au 4. Kama huna friji wala jirani wa kukuhifadhia, kuku aliwe amalizike ndani ya muda huo, maana wapo bakteria wanaoacha sumu ambayo hata ukichemsha haiondoki. Na mchuzi huu ukibaki usiulaze tena. Nyama imeshapashwa mara moja, na tui huchacha upesi. Mwite mtoto wa jirani aje na bakuli.