Anza na "did": nilivyojifunza sarufi ya Kiingereza Uyole

Nilisoma shule ya msingi ya serikali hapa Mbeya miaka 7, yote kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza kila somo likageuka Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Nilikariri "go, went, gone" kama wimbo, lakini nikitaka kusema sikwenda, kilichotoka kinywani ni "I didn't went". Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimekesha nikisoma.

Kilichonifungua macho ni Kiswahili. Sema "nilienda", kisha ukanushe: "sikuenda". Ile -li- imetoka, -ku- imeshika nafasi yake. Hakuna mtoto anayesema "sikulienda". Kiingereza nacho kina mwendo huohuo: "did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kinarudi kwenye umbo lake la mwanzo. "I went." "I didn't go." "Did you go?" Hilo nililigundua nimekaa juu ya gunia la viazi sokoni Uyole, nikimsubiri mama.

Basi chukua daftari dogo. Jioni andika sentensi tatu za mambo uliyoyafanya kweli siku hiyo. Zangu zilikuwa za viazi: "We sold two sacks." Kila moja ikanushe, halafu igeuze iwe swali, uzisome zote tisa kwa sauti. Najua baridi ya Juni huku kwetu inavyomvuta mtu kitandani, ila dakika 15 zinatosha.

Wiki nyingine andika habari za mtu mmoja tu. Kwa Kiswahili "anapika" anaweza kuwa baba au mama, ndiyo maana ulimi unachanganya "he" na "she". Mimi niliandika za mama: "She sells potatoes." Hapo unapata na ile "s" ya mwishoni, ambayo nayo huhamia kwenye "does": "Does she sell potatoes?"

"A" na "the" niliziacha mwisho kabisa. Kiswahili hakina vitu hivyo, na ukikosea bado utaeleweka.

Mtafute mtu wa kukusahihisha, lakini mwombe aangalie aina moja tu ya kosa kwa wakati. Daftari likijaa wino mwekundu, mwanafunzi hulifunga. Mdogo wangu yuko kidato cha pili sasa. Kila Jumapili ananiletea lake, nami mwezi huu nampigia mstari kwenye "did" peke yake. Jumapili iliyopita mistari ilikuwa miwili.