Kwa anayeanza Pride and Prejudice: kila habari, uliza imetoka kwa nani

Wanaoanza fasihi ya Kiingereza huifungua riwaya hii ya Jane Austen, iliyochapishwa mwaka 1813, wakitarajia mapenzi moto. Wakifika sura ya kumi wanaanza kulalamika: watu wanatembeleana, wanacheza dansi, wanapiga soga, basi. Ushauri ninaowapa ni mmoja. Weka daftari pembeni, na kila mhusika anapopata habari za mwenzake, andika kaambiwa na nani, na huyo aliyemwambia anafaidika nini.

Kabla ya hapo, zishike hesabu za fedha, maana mwandishi hakuziweka kwa urembo. Bwana Bennet, baba wa familia tunayoifuata, anaingiza pauni 2,000 kwa mwaka. Ana mabinti watano, wa kwanza Jane na wa pili Elizabeth, mhusika mkuu, na mali ya Longbourn, makazi yao, imefungwa kisheria: akifa inakwenda kwa ndugu wa kiume, kasisi Collins. Bingley, kijana tajiri aliyehamia jirani, ana 4,000 au 5,000 kwa mwaka, na rafiki yake Darcy 10,000. Ukishajua hayo, Bi. Bennet si kichekesho tu. Mimi humtetea mama huyu hata wenzangu wakinicheka. Ni mropokaji kweli, ila anaona shimo lililo mbele ya wanawe, wakati mumewe amejifungia maktaba na vitabu vyake.

Jambo la pili ni adabu za wakati ule. Kijana na msichana ambao hawajachumbiana hawakutakiwa kuandikiana barua, na kukaa faraghani ilikuwa shida. Hivyo Bingley, anayependana na Jane, anapoondoka kwenda London, Jane hana njia ya kumuuliza kulikoni. Anayeandika ni dada yake Bingley, Caroline, ambaye hamtaki Jane awe wifi yake. Jane anakuja kukaa London miezi kadhaa na Bingley hana habari, kwa sababu dada na rafiki wamenyamaza. Darcy naye anasema alimtazama Jane usoni akaona utulivu, akaamua hapendi. Rudi sura ya 6 uone: Charlotte Lucas, rafiki yake Elizabeth, alishaonya kwamba msichana anayeficha sana hisia zake anaweza kumkosa mtu wake. Wanafunzi wengi huipita sura hiyo mbio.

Sasa posa. Hapa hakuna mshenga, mwanamume anajisemea mwenyewe, na anajisemea vibaya. Sura ya 19 Collins anakataliwa na Elizabeth, naye anamjibu kwamba anajua wasichana hukataa kwanza hata kama wanataka. Tunacheka. Lakini ukifika sura ya 34, Darcy anapoposa, mtazame vizuri: anaeleza jinsi familia ya Elizabeth ilivyo chini yake, huku uso wake ukionyesha kwamba ana uhakika wa kukubaliwa. Mmoja mjinga, mwingine mwerevu, na wote wawili wamekuja na jibu mfukoni. Ukiwaweka sambamba katika insha yako utakuwa na la kusema kuliko kurudia kwamba Darcy ana majivuno.

Sehemu ya kukaa nayo kwa muda mrefu ni sura ya 16 na ya 36. Zisome siku moja, moja baada ya nyingine. Katika ya 16, Wickham, ofisa kijana wa jeshi, anamsimulia Elizabeth jinsi Darcy alivyomdhulumu nafasi ya ukasisi aliyoachiwa na marehemu baba yake Darcy. Tulia hapo ujiulize: kwa nini mtu anamwaga siri za namna hiyo kwa msichana aliyeonana naye jana tu? Anasema pia kwamba yeye hamkwepi Darcy, lakini siku ya dansi Netherfield, nyumbani kwa Bingley, haonekani. Na akina Bingley wakishahama, hadithi ile ile anaitangaza mji mzima. Yote haya yalikuwa mbele ya macho yetu. Elizabeth anayaunganisha katika sura ya 36 tu, barua ya Darcy ikiwa mkononi, anaposoma kwamba Wickham alichukua pauni 3,000 badala ya ile nafasi, kisha akajaribu kumtorosha Georgiana, dada yake Darcy mwenye miaka 15 na urithi wa pauni 30,000. Barua yenyewe Darcy alimkabidhi mkononi, wakikutana matembezini.

Kwa nini Elizabeth, msichana mwenye akili kiasi kile, alimeza? Kwa sababu Darcy alishamuumiza kwenye dansi ya Meryton, mji wa jirani, aliposema Elizabeth hana uzuri wa kumvutia, naye Elizabeth akasikia. Wickham alimletea alichotaka kuamini. Filamu hapa hazikusaidii sana. Kwenye kitabu sentensi nyingi zinaonekana kama za msimulizi kumbe ni mawazo ya Elizabeth, nasi tunadanganyika pamoja naye.

Endelea na lile daftari hadi mwisho, maana umbea unageuka dawa. Lady Catherine, shangazi yake Darcy, anafunga safari hadi Longbourn kumtaka Elizabeth aahidi hataolewa na Darcy. Elizabeth anakataa kuahidi. Bibi huyu anakwenda moja kwa moja kumshtaki kwa mpwa wake, akimrudia neno kwa neno, na katika sura ya 58 Darcy anakiri kwamba mashtaka hayo ndiyo yaliyompa matumaini ya kuposa tena.