Trofeusi wanauana tangini, niwaongezee nani?

Mdogo wangu wa Ujiji, umesema tangi lako ni la lita 200, trofeusi, samaki hawa wa Ziwa Tanganyika, walikuwa watano, mmoja ameshauawa, na sasa unataka kuwatilia samaki wa dhahabu ili "wapoe". Usithubutu! Samaki wa dhahabu ni mzito wa kukimbia na hupenda maji ya baridi. Trofeusi watamchana mapezi yote.

Tatizo lako ni uchache wao. Wakiwa wanne, dume mbabe humwandama mmoja tu hadi afe. Wakiwa kumi na tano, hasira inagawanyika, hakuna anayeonewa peke yake. Ila hapo tafuta tangi la lita 400 hivi, na mawe mengi ya kujificha, kama yale ya ufukweni kwetu.

Wa kukaa nao? Mimi ningeweka sinodontisi, wale kambare wadogo wenye madoa wa ziwa hili hili. Wana miiba, na mizunguko yao ni ya usiku. Kuhe sahau kabisa: akikua hupita sentimita 60, na trofeusi kwake ni kitoweo.

Halafu hao dagaa wa kusaga unaowalisha, acha leo. Trofeusi hula mwani wa kwenye mawe; vyakula vya nyama huwavimbisha tumbo wakafa.