Usichapishe kanuni zote: wape ndugu zako wahusika waliokwisha kuandaliwa

Ndugu, usiende steshenari kesho. Umeandika kwamba Krismasi hii utawakusanya wadogo zako na mabinamu nyumbani Uyole, Mbeya, ili uwaongoze katika mchezo wao wa kwanza wa kuigiza wahusika mezani, ambamo mmoja husimulia hadithi, wengine husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu, na kwamba unakusudia kuchapisha kanuni nzima za Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hiyo, kumpa kila mmoja nakala yake, kisha jioni ya kwanza yote muitumie kuunda wahusika. Umeuliza pia habari za dadu na kama watoto wanaweza kushiriki. Ninaanza na hilo la kuchapisha, kwa sababu ndilo litakalouvunja mchezo wako kabla haujaanza.

Kanuni unazozizungumzia, zile ambazo kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, iliziachia huru mwezi Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons inayomruhusu yeyote kuzinakili, zina kurasa zaidi ya 400. Sehemu kubwa ya kurasa hizo ni maelezo ya mazingaombwe, silaha na mazimwi ambayo wageni wako hawatakutana nayo usiku huo, na yote yameandikwa kwa Kiingereza.

Ninajua jioni ya namna hiyo inavyokwenda, maana tuliipitia hapa Iringa. Mchezaji mmoja mwenye uzoefu, niliyemfuata nikiwa na swali kama lako, aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba kumpa mtu mhusika asiyemuunda mwenyewe ni kumdharau, na kwamba hakuna anayestahili kukaa mezani kabla hajazisoma kanuni. Nikamwamini. Tulikutana nyumbani kwa shemeji, Ipogolo, baada ya chakula cha jioni, na watu walikuwa na shauku ya kweli. Binamu yangu alikuwa amepanda basi kutoka Mafinga kwa ajili hiyo tu. Nikawagawia karatasi. Kwanza kila mmoja achague asili ya mhusika wake, kisha kazi yake, kisha apange alama sita za nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, hekima na haiba, kisha achague ujuzi wake kutoka katika orodha ya aina 18, kisha vifaa. Dada yangu alichagua kuwa mchawi, na hapo ndipo mambo yalipokwama, kwa kuwa mchawi wa ngazi ya kwanza anatakiwa kuchagua mazingaombwe madogo 3 na mengine 6 ya kuandika katika kitabu chake, kila moja likiwa na aya yake ya masharti. Yeye alichotaka kujua ni kama angeweza kuwasha moto gizani. Nikamwambia asubiri, tutafika.

Hatukufika. Mjomba aliaga akisema ana shamba la kuwahi asubuhi, watoto wakalala kwenye makochi, na wale waliokuwa wamemaliza karatasi zao walianza kuangalia simu huku wakiwasubiri wenzao. Pango nililokuwa nimeliandaa kwa moyo wote, pamoja na kibwengo wake na mateka wake, halikuingiwa na mtu hata mmoja. Fedha ya uchapaji ilipotea, lakini hiyo ni hasara ndogo. Hasara kubwa ni kwamba kikundi kile hakikukusanyika tena. Kila nilipowaalika, kila mmoja alikuwa na udhuru, kwa sababu walichokikumbuka ni jioni ya kujaza karatasi, na mchezo wenyewe hawajauona mpaka leo.

Bado nina hasira na mshauri yule, wala sioni sababu ya kuificha. Alichukua starehe ya mchezaji mzoefu, anayefurahia kumchonga mhusika wake kwa sababu anajua kila alama itamfaa wapi, akaigeuza kuwa sharti kwa mgeni asiyejua hata swali analoulizwa. Tena alisahau mchezo huu ulikotoka. Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha Marekani mwaka 1974, waliutoa katika michezo ya vita ya mezani, na wasomaji wao wengi walikuwa watu waliokwisha kuzoea majedwali na hesabu za mapigano. Wadogo zako hawakutokea huko. Wamekulia katika karata na bao, na bao hakuna anayefundishwa kwa kusomewa kitabu. Mtu huketi pembeni, hupewa kete, akaanza kucheza huku akirekebishwa.

Kwa hiyo shika kanuni hii moja hata ukiyaacha mengine yote: wahusika wawe tayari kabla wageni hawajafika, na hadithi iishe kabla hawajaondoka. Baadaye nilipocheza na majirani nikifuata kanuni hiyo, niliiweka hadithi katika korongo la Isimila, kati ya zile nguzo ndefu zilizochongwa na mmomonyoko, na walipomaliza waliuliza wenyewe tutacheza tena lini.

Andaa wahusika wawili zaidi ya idadi ya wageni ili hata wa mwisho kuchagua awe na uchaguzi. Kila mhusika apate nusu ukurasa wa Kiswahili: jina, jambo analoliweza kuliko wenzake, jambo analolihofia, silaha yake, uhai wake (alama anazopunguziwa kila anapopigwa, na zikiisha anaanguka), na namba chache za kuongeza kwenye dadu. Mchawi mwandikie mazingaombwe matatu tu. Hayo mengine yapo, lakini yatakuja siku nyingine.

Hadithi iwe na hatua tatu, na kwako ninakushauri Ziwa Ngozi, kwa sababu wadogo zako hawahitaji kuelezwa lilivyo: njia ya msituni katika Safu ya Poroto, kisha ukingo wa kreta, kisha mteremko mkali wa kuelekea majini, ambako kuna kitu kimemchukua mtoto wa kijiji. Anza kwa kusema "Paukwa!" Wote watajibu "Pakawa!" bila kufundishwa, na kila mmoja atakuwa ameshafungua kinywa kabla ya dadu ya kwanza. Kisha waweke moja kwa moja mbele ya hatari na uwaulize wanafanya nini. Kanuni inayotosha kwa usiku mzima ni hii: rusha dadu ya pande 20, ongeza namba iliyo kwenye karatasi yako, nami nitakuambia kama umefaulu.

Katika kanuni zile, jambo rahisi huhitaji kufikia 10 na la wastani 15. Mtu anayeongeza 3 hufikia 15 mara 9 tu kati ya 20, lakini hufikia 10 mara 14 kati ya 20. Wageni wanaoshindwa zaidi ya nusu ya majaribio yao huanza kuona aibu ya kujaribu, kwa hiyo usiku wa kwanza tumia 10 kwa wingi. Wala usiifunge njia ya hadithi nyuma ya dadu moja: wakishindwa kuuona mlango wa siri, wauone, ila adui awe ameshawasikia.

Katika mapigano kuwa mwangalifu zaidi. Mchawi wa ngazi ya kwanza huwa na uhai wa 7 au 8, na pigo moja la kibwengo wa kawaida, ambalo ni dadu ya pande sita na kuongeza 2, linaweza kufika 8. Maana yake ni kwamba binti aliyekuja kwa shauku anaweza kuanguka kabla hajapata zamu yake. Weka maadui wachache kuliko wachezaji, na wakizidiwa wakimbie.

Kuhusu dadu, kama hujapata za pande 20, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, uvitie kwenye bakuli, na kila kinachochaguliwa kirudishwe. Waeleze wazee mapema kwamba ni mchezo wa hadithi, maana mtu mzima akiona dadu mezani atadhani mnacheza kamari. Watoto washiriki, tena wasaidie kuwasukuma wakubwa wanaoona haya.

Andika mhusika mmoja leo, huyo mchawi, kisha uniwekee hapa chini. Nitamsoma, nami nitakuambia cha kupunguza.